Nilimshika Mkono Mkamwana wa Watu

Mbugani, Kyela
Jumanne

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naomba karatasi hii ikukute umekaa vizuri, magoti yametulia, na ile dawa ya kuchua aliyokuletea shangazi unaitumia kweli, siyo umeifungia kabatini kama kawaida yako. Mimi huku mwili mzima. Malaria ilinigusa mwezi uliopita ikaniacha. Moyo ndio sijui nikuandikie nini.

Najua unajiuliza siku hizi nani anaandika barua. Mama, wewe ukipokea simu unaweka spika, na barazani kwako hapakosi watu. Haya si ya baraza. Nampa mtu wa Muheza anayerudi nyumbani akukabidhi mkononi. Vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe Zuhura akusomee, mdogo wangu nampenda lakini mdomo wake hauna breki.

Unakumbuka nilipokuaga? Nilikueleza kwamba nimepata kazi kwenye utafiti, tunakwenda kuwauliza wake na waume habari za ndoa, za unyumba, nani anaamua nini ndani ya nyumba. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Ukasema, "Looh! Kungwi kazaa kungwi wa karatasi!" Halafu ukaniuliza, "Na akishakuambia ya ndani mwake, wewe unampa nini?" Nikakujibu kwa kiburi cha digrii yangu kwamba hatutoi kitu, tunakusanya maarifa. Swali lako lile nalala nalo.

Kazi yenyewe iko hivi. Wakubwa wetu ni wanne na kila mmoja ana fani yake. Daktari anataka habari za mwili na uzazi. Mwanasheria anataka haki, nani kaandikwa kwenye karatasi za shamba. Bwana wa uchumi anataka kujua mwanamke akishaanika kakao, nani anaipeleka kwenye mizani. Mwalimu wa mila yeye anataka koo na miiko. Maswali yao yote yameshonwa kwenye dodoso moja, na anayelibeba hilo dodoso ni mimi, na mabuti ya mpira, kwenye tope la Kyela. Huku mvua haiombwi mama, inakaa tu. Harufu ya kakao iliyovundikwa iko kila ua, chachu hivi, mpaka naisikia kwenye shuka zangu.

Anayenitembeza vijijini ni Mama Ipyana, mwenyeji wa Bujonde, mtu mzima, mcheshi, anajua kila mlango. Akishasema "ugonile" na kuitikiwa, mimi tayari nimewekewa kigoda. Lakini masharti ya utafiti yanasema wakati wa kuuliza maswali asiwepo mtu wa tatu, hata mwenyeji, ili anayeulizwa awe huru. Kwa hiyo nikishakaribishwa, Mama Ipyana anakwenda kunisubiri barabarani. Sharti hilo ndilo lililonimaliza.

Kuna mwanamke nitamwita Sekela. Si jina lake. Umri wake kama wangu, ana binti aliyeanza shule na mtoto mchanga wa mgongoni. Nilimkuta anageuza kakao kwenye jamvi. Akakubali kuzungumza, akasema tukae kwenye migomba nyuma ya jiko lake. Tulipofika tu, mvua ikaanza. Mimi nikaangalia huku na huku, nikaona ng'ambo ya migomba nyumba kubwa ya bati, imefungwa, ina kibaraza kizuri kwa nyuma. Nikamwambia twende pale.

Akasema, "Pale mimi sikai, dada."

"Mbona hakuna mtu?"

"Hakuna. Baba mkwe amekwenda mjini kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Lakini pale sikai."

Mama, hapo ndipo ningemwita Mama Ipyana aliye barabarani. Hapo ndipo wewe ungekaa kimya na kumwangalia usoni. Mimi nikawaza kinasa sauti kitalowa, ni mali ya mradi. Nikasema, "Dakika chache tu, mpenzi." Na kwa kuwa mimi ni mgeni, na mgeni huku hakataliwi, akajifunga kitenge vizuri akanifuata. Alikaa ukingoni kabisa mwa kibaraza, nusu mgongo umo mvuani.

Zile dakika chache zikawa saa nzima. Mwanzoni alijibu neno mojamoja. Nilipofika kwenye maswali ya chumbani akaanza kusema kwa mfululizo, akilia, akimnyonyesha mtoto huku analia. Aliyoniambia sikuandikii, mama, hata wewe. Nimeahidi. Nakuambia tu kwamba hakuna mwanaume mwingine ndani yake, hakuna wizi wala uchawi. Ni yeye na mumewe, mlango ukishafungwa, na ni jambo ambalo ukilisikia unainamisha kichwa. Akasema hajamwambia mtu tangu aolewe. Nilijiona mtu wa maana sana, Mungu anisamehe.

Kumbe barabara ya mjini imekatwa na maji. Yule mzee akageuza njiani. Tunashtukia tu anazunguka kona ya nyumba, mwavuli mkononi, na kibaraza kile upana wake ni mtu mmoja.

Sekela aliruka. Akavuta kitenge kichwani mpaka kidevuni, akataka kuruka ukingo akimbie. Na mimi, mtoto wa Bi Mwanaisha, niliyelelewa kwamba mkwe akiingia unasimama, unamwamkia, unampa kiti, nikaona binti huyu mbona anakosa adabu mbele ya mzee! Nikamshika mkono. Nikamvuta. Nikasema kwa sauti ya kucheka, "Jamani, mwamkie baba kwanza!"

Kitenge kikaanguka. Wakatazamana.

Mama wee. Yule mzee alitoa sauti ndogo, akageuza uso ukutani. Akaacha mwavuli pale pale akatoka kwenye mvua, kichwa wazi. Sekela alikaa chini kwenye tope akamkumbatia mtoto. Mama Ipyana alikuja mbio kutoka barabarani, mikono kichwani, na mimi bado nimesimama nauliza kumetokea nini.

Hayo nilikuja kuelezwa baadaye. Katika ukoo ule mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akimsikia anakuja anapisha njia, anajifunika, anaingia shambani mpaka apite, na mzee naye vilevile anageuza uso. Ndiyo heshima yao, na inabebwa na wote wawili. Si koo zote zinaishika leo. Hapa mjini utamkuta mtu na mkamwana wake wamepanda bajaji moja. Ila wale wameishika, na Sekela alikuwa hajaivunja hata siku moja tangu aingie nyumba ile. Nimekuja mimi, nimemshika mkono.

Siku ile ile alirudishwa kwao, kule Mwaya, na mtoto mchanga mgongoni. Binti mkubwa akabaki kwa baba yake. Ikasemwa wazee watakaa, waone kama atarudi au hatarudi. Maana kuvunja mwiko ni jambo moja, linasafishwa. Kilichomuuma mumewe ni kingine. Alikuwa anauliza kila mtu, ni mazungumzo gani hayo matamu, mpaka mke wangu akae saa nzima kwenye mlango wa baba yangu akilia mbele ya mgeni?

Nikakimbilia kwa wakubwa wangu. Daktari akauliza kama kuna aliyeumia mwilini. Nikasema hapana, akasema basi. Mwanasheria akauliza kama mwanamke amelalamika kwa maandishi. Bwana wa uchumi alitikisa kichwa akaendelea na kompyuta yake, na nadhani yeye ndiye aliyekuwa na huruma. Mwalimu wa mila alifungua daftari, macho yanawaka, akaniambia niandike kila kitu kabla sijasahau, maana tukio namna hii halipatikani kirahisi. Halafu nikapewa fomu ya kujaza. Mwishoni kuna nafasi ya kuandika hatua ulizochukua. Nikaandika: hakuna. Wakanikataza kurudi kule.

Nilirudi. Ningeacha vipi, mama? Nilinunua jogoo, nikamwomba Mama Ipyana anipeleke siku ya kikao. Baba mkwe hakuwepo, alikaa ndani, lakini walikuwepo ndugu zake watatu na mume wa Sekela, kijana mtulivu, shati limepigwa pasi. Nilipiga magoti nikaeleza kosa langu. Nikasema kwetu pwani mambo ni tofauti, nilimvuta kwa ujinga, yeye hana hatia. Wakapokea. Mkubwa wao hata alicheka kidogo, akasema, "Hukujua, binti yetu. Ndaga fijo, asante sana kwa kuja." Nikashusha pumzi. Nikajua yamekwisha.

Ndipo mume akasema, taratibu kabisa, "Dada, mimi sina neno na wewe. Nataka jambo moja tu. Mke wangu alikuambia nini?"

"Shemeji, siwezi kusema. Nilimwahidi."

"Ulimwahidi nini?"

"Kwamba halitatoka."

Akawaangalia baba zake wakubwa na wadogo. "Kumbe lipo."

Nikababaika. Nikasema, "Hakuna mwanaume mwingine, naapa mbele ya Mungu, hakuna!"

"Hilo umeweza kulisema," akasema. "Basi sema na lililobaki."

Mama, nilinyamaza. Ningesema, ningemmaliza. Nimenyamaza, nimemmaliza vilevile. Nilisikia mvua kwenye bati, na yule jogoo ananung'unika miguuni pangu, na watu wazima wanne wananitazama mdomo. Wewe umekaa na mambo ya wanawake miaka yote ile, umeulizwa na waume zao, na mama zao, hata na polisi safari ile. Unajibuje? Mbona hukunifundisha hilo? Ulinifundisha kuficha, hukunifundisha kuulizwa. Au ulinifundisha nikadhani nimesoma kuliko wewe.

Kilichomwokoa, kama ni kuokoka, ni yule mzee mwenyewe. Alituma neno kutoka ndani kwamba mkamwana wake arudi, mwiko usafishwe, kuku achinjwe, mchungaji aje aombe. Sekela akarudi kwa mumewe na kwa binti yake. Lakini kwa masharti. Asikae tena na mgeni yeyote. Asiende kwenye kikundi cha kina mama. Asiende kisimani peke yake. Na lile aliloniambia, mama, lipo pale pale, mume yule yule, mlango ule ule. Tofauti ni kwamba sasa hana wa kumwambia.

Sauti yake nimeifikisha ofisini kama kazi inavyotaka, haina jina, ina namba. Wameisikiliza. Wamesema ni mahojiano bora kuliko yote ya mradi, nimepongezwa mbele ya wenzangu, wakapiga makofi. Niliomba yafutwe. Wakanijibu kwa upole kwamba si yangu, anayeweza kuomba yafutwe ni mwenyewe aliyehojiwa. Na mwenyewe nitampataje, wakati amekatazwa kukaa na mgeni, na mgeni ni mimi?

Nisikuchoshe. Mchele wa Kyela uliouagiza upo, nitakuja nao. Nisalimie kaka, mwambie apande mihogo asingoje ushauri wangu. Msalimie Zuhura, ila asijue nilichosema kuhusu mdomo wake. Shangazi mpe pole ya mguu na shukrani za dawa. Mwalimu wa madrasa mwambie naswali, ingawa si zote. Na jirani yetu wa upande wa kisima, ambaye nilikuwa namcheka kwa kunyamaza kwake, msalimie sana, mwambie nimemkumbuka.

Jumatano

Mama, nilikuwa nimeshakunja karatasi. Nimeikunjua.

Leo asubuhi tulipita Bujonde kwenda kijiji cha mbele, mimi na Mama Ipyana, kwa miguu maana pikipiki zimegoma tope. Mbele yetu nikamwona Sekela anakuja, beseni la kakao kichwani, mtoto mgongoni. Nilikuwa nimeshaandaa maneno, nimsogelee nimwambie anisamehe, nimwambie akitaka yafutwe aseme neno moja tu.

Akaniona. Akashusha beseni kando ya njia. Akavuta kitenge kichwani mpaka kidevuni, akaingia kwenye mikakao, akasimama huko, mgongo kwetu, akingoja nipite.

Mama Ipyana akaniambia kwa sauti ya chini, "Pita, mwanangu."

Safari hii sikumshika mkono. Niligeuza uso upande wa pili, nikapita.

Ni mimi mwanao,
Mwanahamisi