Heli ya Mwaka Mpya

Tukuyu, Jumapili usiku

Nimekataa, na kesho nitakataa tena.

Nilifunga uzi sebuleni, kutoka dirishani hadi mlangoni, nikabana kadi za Krismasi kwa vibanio vya nguo. Binti yangu Neema akacheka. "Baba, umeanika kadi?"

"Kinachoanikwa ni kilicholowa. Hizi nimezitundika."

Kisha akaiona ile ya marehemu mama yake, yenye mwandiko wake: *Heli ya Mwaka Mpya*.

"Hii tuitoe, Baba. Kesho wakwe zangu wanakuja. Watasema mke wa mwalimu hakujua kuandika."

L hiyo iliyokaa mahali pa R nimeisahihisha kwa wino mwekundu maisha yangu yote ya ualimu. Lakini mke wangu, mtu wa Kyimo, aliandika alivyotamka, na sauti hiyo sasa ninaisikia katika kadi hiyo tu.

Nimeihamishia katikati. Atakayecheka akanywe chai kwao.