Madaftari ya Hekalu

Siem Reap, Kambodia, 4 Januari 1975

Binti yangu Chanthou,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua na mizinga inatunyima raha. Wewe na baridi ya Paris mnaelewanaje? Bado unakula wali, au wamekugeuza mla mkate?

Mwalimu wetu Mfaransa ameondoka. Hekalu tulilolibomoa jiwe kwa jiwe ili tulijenge upya limelala msituni, upande wa waasi. Mimi nimeachiwa madaftari yanayosema kila jiwe linarudi wapi. Shangazi yako ananicheka: “Sarun, una mawe maelfu na huna hata ukuta wa kujificha.” Amepata ndege ya kwenda Battambang, kisha avuke mpaka aingie Thailand. Nafasi yangu ipo, lakini rubani hataki masanduku ya madaftari. Wewe ndiye msomi wetu. Niende?

Baba yako, Sarun

Paris, 26 Januari 1975

Baba mpenzi,

Shikamoo. Pole na kifua. Mimi sijambo, na wali napika mwenyewe.

Nimewauliza mabwana wa mambo ya kale hapa chuoni. Wanasema nakala haipo, na bila madaftari hayo hekalu halitasimama tena. Niliona fahari kuwaambia ni kazi ya baba yangu. Vita vitakwisha, Baba. Waasi nao ni Wakhmer wenzetu, nani atamdhuru mzee mwenye makaratasi? Kaa nayo, shangazi atangulie.

Mwanao, Chanthou

Siem Reap, 2 Machi 1975

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kifua kimepoa. Shangazi ameondoka huku analia na kututukana sote wawili. Umesema vizuri, nami nimekaa. Ila nisikufiche, nilitamani uniambie niende.

Baba yako

Paris, 9 Aprili 1975

Baba,

Shikamoo. Nilikosea. Habari za waasi zinazofika hapa zinatisha. Acha kila kitu uondoke, hata kwa miguu. Nijibu upesi.

Chanthou

Paris, 20 Septemba 1979

Baba,

Hali yako siiulizi, naiogopa. Shangazi yuko hapa kwangu. Hajanilaumu hata mara moja, na hilo linaniumiza zaidi.

Mzee Nhem, fundi mwenzako, amefika kutoka kambi ya wakimbizi Thailand. Alikuona siku waasi walioshinda walipowafukuza watu wa mji mzima, unasukuma baiskeli yenye masanduku mawili. Akakuuliza, “Mchele wako uko wapi?” Ukamjibu, “Binti yangu anayahitaji haya.” Hakukuona tena.

Leo ni sikukuu yetu ya kuwalisha wafu. Watawa husoma majina, na mfu asiyesomwa huzunguka pagoda saba, nyumba za ibada za watawa, akitafuta chakula cha wanawe asikipate. Miaka yote hii nimeandika jina la marehemu mama peke yake, maana kuliandika lako niliona ni kukuua kwa mkono wangu. Mwaka huu nimekuwaza unazunguka na njaa, wewe uliyeacha mchele kwa neno langu. Nimeliandika. Nimekanda wali wa kunata mwenyewe na kuupeleka.

Kama u hai, nisamehe. Kama umekufa, kula, Baba.

Mwanao, Chanthou