Roshani Haikuvunjika

Dada Rehema,

Matajiri wetu wamenileta Jeddah kushika nafasi yako. Nalala chumba kile kile chako, karibu na ngazi.

Nilikuwa Riyadh, kwenye nyumba yao ya Al-Malqa, madam aliponiambia umefariki. Alisema ulikuwa ukifuta vumbi kwenye roshani, ukaegemea, mbao iliyooza ikavunjika. "Nyumba ya zamani," akasema. "Halas, basi." Kisha akaagiza chai.

Sikumwamini. Wewe ulikuwa ukinipigia simu kuisifu nyumba hii. Uliniambia babu yake madam, mfanyabiashara, aliijenga kwa mawe ya matumbawe, na katikati ya mawe wakalaza mbao ili kuta zisipasuke. Ulicheka kwamba umesafiri mbali hivi kumbe umerudi Mji wa Kale, Mombasa. Roshani ndiyo uliyoipenda zaidi, lile sanduku la mbao lililotokeza juu ya barabara, ambamo wanawake wa zamani walikaa wakitazama wapita njia bila kuonekana. Ukimaliza kupiga pasi unakaa humo, ulisema, kama bibi mwenye nyumba.

Kwa hiyo nilipofika tu nilikwenda roshani. Niliisukuma kwa kiganja, kisha kwa bega. Haikutikisika. Hakuna ubao mpya wala msumari mpya. Rangi ya kijani imepauka sawasawa kote.

Tangu hapo nikamshuku kila mtu. Baba, mume wa madam, akiniuliza nimelalaje, najiuliza anatafuta nini. Hata Wafula, mlinzi kutoka Bungoma, nilimshuku, maana akiniona anageukia pembeni. Mwishowe nikamfuata langoni, nikamwambia kwamba wewe ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Akainama.

"Hakuangukia barabarani," akasema. "Aliangukia uani."

Kumbe madam na Baba walikwenda harusini Riyadh wakakufungia kwa nje. Ukashikwa na homa, ukamwita Wafula dirishani. Hakuwa na ufunguo, akakimbia kutafuta fundi. Aliporudi ulikuwa umejaribu kushuka mwenyewe kutoka paani, ukaanguka.

Dada, nilikaa chini pale pale. Nilikuwa... hata sijui.

Nimempigia mama mkubwa, nimemweleza yote. Akauliza kama walikuachia maji. Wafula amekubali kuyasema haya ubalozini, ingawa anamwogopa kafili wake, tajiri anayemdhamini kukaa huku. Mimi pia naogopa, lakini tutakwenda pamoja.

Pumzika, dada yangu. Popote watakaposema mbao ilioza, nitasimama niseme ilikuwa nzima, na mlango ulikuwa umefungwa.

Mdogo wako,
Halima