Msiombee Tena Sauti Yangu

Jumapili, 4 Mei
Maji ya chumvi asubuhi. Asali na tangawizi kabla ya kanisa. Sauti bado ni ileile, nzito, ya mwanaume. Miezi mitatu sasa tangu nitolewe uvimbe wa shingo. Daktari alinionya mapema kwamba sauti inaweza kubadilika. Nikasema sawa. Nilidhani anasema tu.

Leo nimekaa na kina mama, si kwenye kwaya. Miaka kumi na tisa nyimbo nimekuwa nikianzisha mimi. Leo ameanzisha Mwende, juu kidogo kuliko inavyofaa, na watu wameimba vizuri tu. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumanne, 6 Mei
Nimeshona sare nne za shule. Mteja mmoja amepiga simu kuulizia gauni lake. "Aa, Baba Ndunge, hebu nipatie Mama Ndunge niongee na yeye." Nikamwambia Mama Ndunge, yaani mimi, hayupo. Mume wangu amecheka mpaka akakaa chini. Sikumpa chai.

Alhamisi, 8 Mei
Kina mama wa kanisa wamekuja kunitembelea, kumi na mmoja, na mkate na majani ya chai. Wameamua tufunge kila Ijumaa mpaka sauti irudi. Tunaanza kesho. Nimelia kwa furaha. Mungu hawezi kupuuza wanawake kumi na wawili wenye njaa.

Ijumaa, 16 Mei
Kufunga, mara ya pili. Nimejaribu wimbo nikiwa peke yangu. Ile noti ya juu haipo. Si kwamba ni ngumu kuifikia. Haipo.

Baadaye nikifua nguo nimeanza kuvuma chini chini bila kufikiria, na kitu kikatoka kifuani mpaka maji ya beseni yakatetemeka. Kilikuwa kizuri. Nikaogopa, nikanyamaza.

Jumapili, 18 Mei
Kyalo, mwalimu wa kwaya, amenisimamisha nje ya kanisa. Besi, ile sauti ya chini kabisa ya wanaume, imebaki na Mzee Muthiani peke yake, mwenzake amepata kazi Malili. Sherehe ya mavuno ni baada ya wiki mbili. Ameuliza, huku akiangalia viatu vyake, kama ninaweza kuwasaidia huko nyuma.

Mimi! Na wanaume! Nimemwambia ninaombewa na sauti inarudi. Nimeondoka bila hata kumsalimia mkewe.

Ijumaa, 23 Mei
Mama Kioko ameanguka shambani akivuna ndengu. Ndiye mkubwa kuliko sisi sote tunaofunga, na ana vidonda vya tumbo. Hakumwambia mtu. Alikuwa amefunga kwa ajili yangu.

Nimemkimbilia na uji. Alipopata nguvu akaniambia, "Mama Ndunge, usijali. Ijumaa ijayo tunafunga tena."

Aibu imenishika mpaka masikioni. Najua tangu siku ya beseni kwamba sauti hairudi. Nimewaacha wafunge kwa sababu wakiacha wao, itabidi na mimi niache kutumaini.

Jumamosi, 24 Mei
Sijashona kitu. Naogopa kesho.

Jumapili, 25 Mei
Mchungaji aliuliza nani ana ombi. Nikasimama.

"Ndugu zangu, asanteni sana. Lakini muache kuniombea sauti irudi. Hairudi. Muniombee nizoee hii."

Watoto waligeuka wakitafuta ni mwanaume gani anaongea. Nikatamani kukaa, nikashindwa hata kukaa. Ndipo Mama Kioko akasema "Amina!" kwa nguvu hivi kwamba kila mtu alijua amechoka na njaa. Watu wakacheka. Mimi pia. Hata kicheko changu sasa ni cha mzee.

Baada ya ibada nimemtafuta mwalimu Kyalo. Nimeanza kwa kumsalimia mkewe.

Alhamisi, 29 Mei
Mazoezi. Nimepotea mara mbili. Mzee Muthiani amekuwa akinigongea mstari wetu kwa kidole kwenye kitabu chake. Nimemwonyesha Mwende mahali pa kuanzia, chini kidogo. Nimeona wivu bado. Kidogo.

Jumapili, 1 Juni
Sherehe ya mavuno. Mahindi, ndengu na kuku wawili mbele ya madhabahu. Nimesimama nyuma, kati ya Mzee Muthiani na ukuta. Mwende ameanzisha pale pale tulipokubaliana.

Kutoka nyuma wimbo ni mwingine. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikijisikia mimi tu. Leo nimewasikia wote, na sisi wawili chini yao, tumewabeba. Benchi lilikuwa likitetemeka chini ya mkono wangu.

Jioni nimepika chai. Nimetia tangawizi kwa sababu naipenda. Mteja wa gauni amepiga tena, akauliza kama anaongea na Baba Ndunge.

Nimemwambia hapana, ni mimi.