Letasi Ulizoziacha Kwenye Stoo

Mutheu, mwaitu,

Nimekaa kwenye kile kiti chako cha plastiki, ndani ya stoo, na pampu inanguruma taratibu hapa karibu na miguu yangu. Mama yako amekwenda kanisani kwa mkutano wa kina mama, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza naandika nini. Ningemjibu nini? Kwamba mzee wa umri wangu anamwandikia barua mtoto aliyemzika mwenyewe? Lakini kuna mambo yametokea tangu uondoke, na nilizoea kukwambia kila kitu cha hapa stoo. Nikimaliza kazi najikuta nimeshika simu. Juzi nilipiga namba yako. Haikuita.

Hapa Matiliku hakuna aliyeshangaa kunisikia nikikuita mwaitu, mama yangu. Ulipewa jina la mama mzazi wangu, na kwetu binti wa namna hiyo huwa ni mama wa baba yake. Nilianza kwa mzaha ukiwa bado wa kubebwa mgongoni. Sijui mzaha uliisha lini.

Nakumbuka uliporudi na diploma yako ya kilimo. Watu walitegemea utatafuta ofisi, wewe ukaniambia, "Baba, nipe ile sehemu ya karibu na mto." Tukalima nyanya, wewe mbele mimi nyuma, jua likitupiga mgongoni na hakuna aliyelihesabu kuwa adui. Kisha vidole vyako vikaanza kuvimba asubuhi. Kisha ule wekundu ukatanda mashavuni hadi juu ya pua, kama mtu aliyekupaka kwa kiganja. Huku wakasema ni malaria, kule wakasema ni dawa ya nyanya imekudhuru. Jirani akanivuta kando akaniambia mtoto huyu amefanyiwa kitu. Daktari mmoja Nairobi ndiye aliyeutaja kwa jina: lupasi, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili iugeukie mwili wenyewe. Alieleza mengi, mimi nikashika moja tu. Kwamba jua linauamsha, na ukae mbali nalo.

Nilidhani sikusikia vizuri. Mkulima wa Makueni akae mbali na jua aende wapi?

Nilitundika magunia madirishani kwa mikono yangu. Asubuhi nikitoka na jembe nilikuona umesimama nyuma ya pazia, umelifungua kidogo tu, unanitazama nikienda shambani ambako tulikuwa tukienda wawili. Sikuweza kugeuka kukutazama mara ya pili. Mama yako aliniambia jikoni, "Huyu mtoto atatuishia kabla hata ugonjwa haujammaliza." Chakula ulikuwa unakigusa tu.

Ndipo ukaniomba stoo ya ndengu. Ulisema utapanda letasi, yale majani ya saladi wanayowawekea wageni kando ya nyama hotelini, na kwamba hazitahitaji udongo wala jua. Nilimtazama mama yako, mama yako akanitazama. Tulifikiri ni zile dawa zimekupanda kichwani. Lakini ulikuwa umekaa wima kitandani kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na mimi ningekupa hata nyumba nzima.

Fundi akaja, akatoboa mabomba meupe kama ulivyomchorea, akayapanga kwenye fremu ya mbao kama vitanda vya bweni. Pipa la maji chini, pampu ndani yake, maji yanapanda, yanapita chini ya mizizi na kurudi. Taa zako za zambarau, za kushika nafasi ya jua, zikining'inia juu. Sola tukaiweka kwenye mabati. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi nikiifunga, nikawaza kwamba lile jua lililokukataa sasa litakufanyia kazi likiwa juu ya paa, na wewe uko chini salama. Sikukwambia. Ningekwambia leo.

Ulinifundisha kama mtu anayefundisha mtoto wa chekechea, bila kunicheka. Kuweka mbegu kwenye kipande cha sponji kilicholoweshwa. Kungoja mzizi utokee chini ndipo uuhamishe kwenye kikombe chenye matundu. Kutia ile mbolea ya maji, uliyoiita chakula, kisha kuchovya kipimo na kusoma ukali wake. Kutundika magunia mabichi mlangoni mchana ukichoma, maana letasi ikishikwa na joto hukimbilia kutoa maua na kuwa chungu. "Inaogopa kufa bila mbegu," ulisema. Ulisema hivyo tu, ukaendelea na kazi.

Asubuhi ya mavuno ya kwanza ulinishika mkono. "Usivute, Baba. Zungusha kikombe, mizizi itakufuata yenyewe." Nikazungusha. Ikatoka nzima, majani yamejikunja kama kitambaa cha harusi, na chini mizizi myeupe inadondosha maji. Nimelima tangu utotoni na sijawahi kuona mzizi msafi. Mama yako alionja jani, akafikiri, akaenda kuleta chumvi. Wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Ile miezi ndiyo ninayoirudia. Hoteli ya Malili ilianza kuzichukua, nami nikawa mpelekaji. Mpishi wao akanipa salamu za kukuletea wewe, eti hajawahi kupata majani ambayo hayana mchanga wa kusaga meno. Nilikuletea salamu hizo kama mtu aliyebeba yai. Ulinenepa kidogo. Tulikusikia tukiwa jikoni, unaimba huku ndani sauti ya pili ya kwaya peke yako, ukiacha nafasi ya sauti ya kwanza.

Kisha miguu ikavimba. Figo, wakasema.

Ulipolazwa uliniachia stoo, na kila jioni ukanipigia. Nilikuwa nasimama hapa hapa, simu begani, kipimo mkononi, nakusomea. Ukisikia nimetia mbolea sana ulikuwa unasema, "Si kitu, tutapunguza." Mara ya mwisho sauti yako ilikuwa inatoka mbali. Uliniuliza majani yana rangi gani. Nikasema mazuri, ila pembeni yanaungua kidogo. "Punguza chakula, ongeza maji. Nikirudi nitaangalia."

Nilipunguza chakula. Niliongeza maji. Yalipona, Mutheu. Yalipona kabisa, na kesho yake mama yako akanipigia kutoka hospitali, nikasikia tu anavyopumua.

Sitaandika juu ya siku zile za katikati.

Ndugu zangu walitaka kukuchimbia pale mbele, peupe, ambapo udongo ni laini. Nilikataa. Nikawaonyesha chini ya ule mti wa mukau, kwenye kivuli. Wakasema pana mizizi na mawe, watachimba mpaka jioni. Nikawaambia nileteeni sururu, nitachimba mwenyewe. Baba yako mdogo akanitazama, akaelewa, akavua koti.

Asubuhi ya mazishi niliingia huku kwa sababu sikujua pa kwenda. Nyumba imejaa watu, viti vya kukodi, vipaza sauti vya kanisa vinajaribiwa. Nikakuta letasi zimefikia kuvunwa. Zote, kwa pamoja, siku ile. Wewe unajua hazisubiri. Nikasimama na suti yangu nikizungusha kikombe kimoja kimoja, nikazijaza kwenye makarai, nikawapelekea wanawake waliokuwa wakipika, nikasema, "Hizi ni za Mutheu. Watu wale." Basi wakazikatakata wakazikaanga na kitunguu kama sukuma wiki. Karai zima likanywea likawa kisufuria kimoja, majimaji meusi. Wakawa wanatazamana, hakuna anayethubutu kuniambia. Nilikula, mama. Nilikula na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, nikamaliza. Ni mimi na wewe tu tungeijua hiyo ladha ilivyokuwa mbaya, na hukuwepo wa kunitazama.

Baada ya watu kuondoka nilikusudia kung'oa kila kitu. Mabomba nimpe fundi, stoo irudi kuwa stoo. Nilikuja na bisibisi. Nikaikuta pampu inanguruma, maji yanazunguka chini ya vikombe vitupu, hayana cha kunywesha. Nikashika swichi. Sikuweza kuwa mimi ndiye wa kuizima. Nikaketi, nikalowesha sponji, nikapanda mbegu. Sikuwa na sababu nyingine zaidi ya hiyo. Mama yako mpaka leo hajaingia humu. Akitaka kuniita husimama mbali, karibu na tangi, na kuniita kutoka hapo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Wiki iliyopita gari dogo liliingia uani, likashusha mwanamke wa Kiislamu na mumewe. Mume ana duka kule Kambu. Mwanamke alijifunika uso wote kwa mtandio, miwani myeusi juu yake, amebeba pakiti ya tende. Akanisalimu kwa adabu, akasema, "Baba, hapa ndipo kwa Mutheu? Alinielekeza mwenyewe. Mimi ni Halima, tulilala vitanda vya jirani kabla sijahamishiwa hospitali nyingine. Aliniambia nikitoka tu nije anionyeshe bustani."

Nikasema hayupo.

"Ameenda kliniki? Tutamngoja."

Mwanangu, tangu ulipofariki kila aliyekuja hapa alikuja akijua. Sikuwahi kulisema neno lile kwa kinywa changu hata mara moja, wengine walikuwa wakinisemea. Sasa huyu mtu amesimama na tende zake, sauti yake ina tabasamu nyuma ya kitambaa, ananingoja. Nikamwambia, "Tumemzika."

Aliketi pale pale chini, juani. Mumewe akahangaika na mwavuli. Nami nikasikia mdomo wangu unasema yale niliyokuwa nikikwambia wewe kila siku: "Ingia ndani, jua si zuri kwako." Nikawaleta huku kwa sababu ndipo penye giza zuri. Alipokaa kwenye kiti hiki akavua miwani, akateremsha mtandio. Ulikuwa pale, ule wekundu, mashavuni na juu ya pua. Nikageukia ukuta nikalia kama ng'ombe. Mumewe alinishika bega.

Baadaye Halima akanieleza. Kwamba kila jioni ukimaliza kuongea nami ulikuwa unawatangazia wodi nzima, "Mwanafunzi wangu leo amepima mwenyewe." Kwamba wauguzi walikuwa wananiita mwanafunzi. Nikamwambia ulivyosema mwisho, kwamba ukirudi utaangalia majani. Akainamisha kichwa. Akasema, "Baba, alijua harudi. Madaktari walishamwambia, ila nilipohamishwa alikuwa na nafuu, nikajipa moyo kwamba walikosea. Nilimuuliza kwa nini anakudanganya, akaniambia, nikimwambia sirudi ataziacha zikauke, halafu atakaa bila la kufanya."

Nimelitafuna neno hilo wiki nzima. Nilikasirika nawe, nakiri. Nilitaka unipe nafasi ya kukuaga. Kisha nikitazama hivi vikombe vilivyojaa tena majani, nashindwa kushikilia hasira. Ulinijua kuliko nilivyojijua, na ulitumia pumzi zako za mwisho kuzungumzia rangi ya majani ili mimi nipate pa kuamkia. Sijui kama mtoto anapaswa kumfanyia baba yake hivyo. Mimi ndiye nilipaswa kutangulia, Mutheu. Mimi.

Halima alishinda hapa. Alipanda mbegu zake kwenye sponji, akauliza maswali, mengine nikayajibu kwa maneno yako nikijisikia mwizi. Mengine sikuyajua kabisa. Kambu ni moto kuliko huku kwetu, chumba chake kiko nyuma ya duka, chini ya mabati matupu. Je, magunia mabichi yatatosha? Kivuli tu, au na feni? Nilishika simu.

Nimemwahidi, na sasa nakuahidi wewe. Alhamisi nakwenda Kambu na fundi. Tutaweka dari ya mbao chini ya yale mabati, tutapanga mabomba, na nitakaa naye mpaka avune mara ya kwanza kwa mkono wake. Nikikosea tutaanza upya. Akipiga simu jioni nitapokea, hata nikiwa mezani, hata nikiwa kanisani. Na mama yako sitamvuta kuingia humu. Nitaacha mlango wazi asubuhi, hiyo tu.

Namsikia sasa, ndiye anayefungua geti. Ngoja niikunje hii karatasi.

Pumzika, mwaitu. Umefanya kazi yako na ya kwangu. Siku yangu ikifika na ukasikia hatua zangu, usitoke nje juani kunipokea. Nitaingia mwenyewe.

Baba yako