Njia Isiyo na Duka la Pombe

Mpenzi Baba Imani,

Ijumaa nakuja kukuchukua, na tangu Jumapili situlii. Nyumba nimeifagia mpaka mwanao ananicheka. Chupa zote nilishazitupa. Iliyobaki ni barabara: kutoka huko Saint Paul unakotibiwa pombe hadi kwetu New Hope, nikupitishe wapi usione duka la pombe?

Zamani sikuyaona maduka hayo. Mwenye kuyaona ulikuwa wewe. Unakumbuka binamu yako alipopotea akija kwetu, ukamwelekeza kwa simu? "Ukiona liquor store ya taa za kijani, turn left. Kuna ingine iko na bendera, hapo slow down." Shule ya Imani iko katikati ya maduka hayo mawili na hukuitaja. Nilipokuuliza, ukacheka. "Mama Imani, macho hayana pazia."

Na ile siku ya nyama choma bustanini, kiangazi? Ulifika hujagusa kitu, ukawa unaniangalia kama bwana harusi. Ukashusha bia ya kwanza. Nikaanza kukuambia nimefaulu mtihani wa uuguzi, habari niliyokuwekea tangu asubuhi, na macho yako yakapita juu ya bega langu, yakifuata sanduku la barafu lililokuwa likihamishiwa kivulini. "Ehe... sema tena?" Bia moja tu, Baba Imani, na tayari ilikuwa inakuonyesha dada zake. Sikusema tena. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sasa ugonjwa huo wa macho umenihamia mimi. Nikitoka kazini namchukua Imani shuleni, kisha badala ya kwenda kupika naendesha gari huku na huku nikitafuta njia safi. Jana nilizunguka mpaka Savage, kule kwenye viwanda kando ya mto. Kilomita baada ya kilomita, hakuna hata moja! Nikaanza kujipongeza. Imani akanyoosha kidole dirishani.

"Mommy, there's one. Like Daddy's store."

Mtoto wa miaka mitano. Hajaonja hata tone, na macho yake yameshajua pa kutua. Nilisimamisha gari pembeni nikalia, yeye akanipa kitambaa chake cha pua.

Basi nimeacha kutafuta. Ijumaa tutapita njia yetu ya kila siku, taa za kijani, bendera na yote. Naogopa, sikufichi. Nitaendesha mimi, wewe utakaa kando yangu, nami nitakusimulia habari ya ule mtihani tangu mwanzo, polepole, mpaka mlangoni. Nikisikia "sema tena", nitajua ulikuwa ukiangalia wapi.

Nakungoja, roho juu juu,

Mkeo, Mama Imani