Siku Mama Achieng Aliponiuliza

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu nyingi toka Likoni. Sote tu wazima, na shangazi yako Saumu amejifungua mtoto wa kike, nywele tele.

Wauliza, kwa ajili ya masomo yako ya jamii za wachache, kama nami niliwahi kuwa mchache. Naam. Miaka ya themanini tulihamia Magongo kwa kazi ya babu yako. Katika nyumba nzima ya kupanga, Waislamu tulikuwa sisi tu.

Asubuhi moja mama yangu, aliyekuja kunitembelea, akafariki. Babu yako yuko kazini. Jirani yetu Mama Achieng, Mjaluo, akanikuta nimeduwaa. Akaniketisha, akauliza polepole, "Mama Saumu, kwenu hufanywaje? Niambie, nitafuata."

Nikamwambia mama azikwe leo leo, aoshwe na wanawake wa Kiislamu. Akajitanda leso yangu, akaenda kwa miguu mpaka msikitini kuomba waoshaji, akarudi nao. Walipokuwa wakimuosha, yeye alisimama nje ya mlango, analia kama aliyefiwa yeye.

Wallahi, mjukuu wangu, ndiyo siku niliyoanza kuiita Magongo kwetu.

Mola akutunze huko uliko.

Bibi yako,
Mwanasiti